Kupanga sherehe ya hadhara wakati wa janga: umbali unaoshikika na usioshikika

Watu wanaweza kusherehekea pamoja bila kukaribiana? Swali hili huja kila mara mlipuko unaposhika kasi na tarehe ya sherehe imeshatangazwa. Anayeuliza huwa tayari ana uwanja, ana jukwaa, ana orodha ya wasemaji. Anadhani kilichobaki ni kununua barakoa na kumwambia mshereheshaji awakumbushe watu. Kisha hufuata maswali yaleyale: mita moja au mbili? Uwanja wangu unaingiza wangapi? Kwani nje si salama?

Jibu fupi: inawezekana, ikiwa watu watakaa, watakuwa wachache, watakuwa nje, kwa muda mfupi, na kila mmoja atajua nafasi yake kabla hajafika. Ukikosa sharti moja, umbali utaanza kupungua. Ukikosa mawili, badilisha mpango wote. Sherehe ya kusimama na kuzunguka haishiki umbali hata ukipanga walinzi mia. Nimesimamia mikusanyiko ya namna zote mbili na bado sijaona umbali uliolindwa na kipaza sauti. Kazi hiyo hufanywa na viti, kamba na saa.

Mwongozo huu unahusu magonjwa yanayoenea kwa hewa ya pumzi, kama UVIKO-19 au mafua makali. Ugonjwa wa kuhara, kwa mfano kipindupindu, una masharti yake mengine kabisa, usiutumie mwongozo huu huko.

Nadharia kidogo tu

Mtu akiongea, akiimba au akikohoa hutoa vimatone vya ukubwa tofauti. Vile vikubwa huanguka karibu naye, ndiyo maana mita moja au mbili inasaidia. Vile vidogo sana hubaki vikielea, na ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya kama moshi wa sigara. Hivyo haviheshimu utepe wako wa kupimia. Machi 10, 2020, katika bonde la Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ndani kwa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Baadaye walioumwa, waliothibitishwa na walioshukiwa kwa jumla, walifika 53, na wawili wakafariki dunia. Chumba kilichofungwa, sauti ya juu, muda mrefu: ukiitazama ratiba yako, tafuta hayo matatu.

Nje hewa hutawanya vimatone vidogo, kwa hiyo hatari hupungua sana. Haifutiki. Watu wawili wanaopigiana kelele sikioni uwanjani bado wanapeana pumzi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali, pamoja na masharti ya mamlaka ya afya ya eneo lako, kwa maandishi. Masharti hayo yanatangulia kila kitu ninachosema hapa.
- Utepe wa kupimia wa mita 30 au zaidi, chokaa au rangi ya kuchora ardhini, vigingi na kamba.
- Karatasi ya kuchorea ramani ya uwanja. Kalamu ya risasi, maana utafuta mara nyingi.
- Viti vya kubeba, kimoja kimoja. Mabenchi yatakusumbua: mtu akisogea kidogo tu hesabu yako imeharibika.
- Orodha ya wageni yenye namba za simu na idadi ya watu wa kila kaya.
- Wahudumu. Mimi huweka mmoja kwa kila wageni 25, mbali na wale wa lango na vyoo.
- Barakoa za akiba, maji na sabuni, na vitakasa mikono vyenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha sherehe katikati. Mmoja, kwa jina, na kamati nzima imekubali mapema. Asiwe mgeni rasmi wala mtu anayemdai mgeni rasmi chochote.

Hatua kwa hatua

1. Amueni kama ifanyike, na kwa sura gani

Kabla kamati haijajadili kitu kingine, jibuni haya. Watu watakuwa wamekaa kwa sehemu kubwa ya muda? Mnaweza kuwazuia wasioalikwa? Maambukizi katika eneo lenu yanashuka, au angalau hayapandi? Hospitali bado zina vitanda? "Hapana" moja inatosha kubadilisha sura ya sherehe.

Gwaride, msafara wa miguu, dansi ya kusimama, fataki zinazotazamwa na kila apitaye: hizi ziweke kando. Watazamaji wa gwaride hujipanga wenyewe kandokando ya barabara, hakuna anayewahesabu, na kila mmoja anataka kuwa mbele. Septemba 28, 1918, homa ya mafua ikiwa tayari imeingia, jiji la Philadelphia nchini Marekani liliruhusu gwaride la kuhamasisha ununuzi wa hati za mkopo wa vita. Watu wapatao 200,000 walijaa barabarani. Siku chache baadaye hospitali zilifurika. St. Louis, jiji jingine la Marekani, ilifunga mikusanyiko ya hadhara mapema Oktoba mwaka huohuo, na kwa kulinganisha idadi ya wakazi, vifo vyake vilikuwa pungufu sana. Wakazi wa miji yote miwili walikuwa watu walewale wa kupenda gwaride. Uamuzi ndio uliotofautiana, nao ulifanywa mezani, kabla mtu yeyote hajatoka nyumbani.

Jibu likiwa "hapana", bado mna njia. Igaweni sherehe katika awamu tatu za watu wachache. Wawekeni watu ndani ya magari yao. Rusheni matangazo redioni na mtandaoni huku uwanjani wakiwapo wahusika tu. Au ahirisheni, Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilisogezwa kutoka 2020 hadi 2021, na hata hapo mashindano mengi yalifanyika bila watazamaji.

Kwa wanaodhani haiwezekani kabisa, nawakumbusha Hija ya 2020. Mwaka uliotangulia mahujaji walikuwa karibu milioni 2.5. Mwaka huo waliruhusiwa wapatao elfu moja tu, waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, wakatembea kwa kufuata alama zilizowekwa sakafuni, na hawakuruhusiwa kuigusa Kaaba. Umbali ulishikika kwa sababu idadi ilikatwa kwanza, alama zikafuata. Wengi wetu huanza na alama.

2. Chagua umbali, kisha upime mahali panapostahili

Wakati wa UVIKO-19 Shirika la Afya Duniani lilishauri angalau mita 1. Ujerumani ilitumia mita 1.5, Uingereza ikaanza na mita 2. Tofauti hizo zisikuchanganye: hakuna mstari ambao virusi hufika na kugeuka. Kila hatua unayoongeza inapunguza hatari, na kila nchi ilichagua mahali pa kusimama kati ya usalama na nafasi iliyopo. Fuata sheria ya kwako. Ikikuachia uhuru, chukua mita 2 palipo na kuimba, kushangilia au muziki wa juu.

Pima kutoka ukingo wa kiti hadi ukingo wa kiti kinachofuata. Anayepima kutoka katikati ya kiti hadi katikati ya kingine amejipunja nusu mita, na nusu mita hiyo ndiyo mabega ya watu wawili.

3. Hesabu uwanja wako kwa uaminifu

Hapa ndipo mipango mingi hufa, kwa hiyo twende polepole.

Chukua uwanja wenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 40. Eneo lake ni mita za mraba 1,200. Anayeanza husema: umbali ni mita 2, kila mtu anahitaji mita za mraba 4, 1,200 gawanya kwa 4, basi watu 300. Anaandika 300 kwenye kadi za mwaliko. Ameshakosea.

Kwanza toa jukwaa na nafasi iliyo wazi mbele yake: mita 8 za urefu. Zinabaki 32. Kisha toa njia mbili za pembeni, mita 3 kila upande, moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Upana unabaki mita 24. Viti vitapangwa ndani ya 24 kwa 32 tu.

Kiti kina upana wa karibu nusu mita. Ongeza mita 2 za nafasi, na kutoka mwanzo wa kiti kimoja hadi mwanzo wa kinachofuata ni mita 2.5. Kwenye upana wa 24 vinaingia viti 10. Kwenye urefu wa 32 zinaingia safu 13. Jumla viti 130.

Kutoka 300 hadi 130! Na uwanja ni uleule. Kwa umbali wa mita 1 hesabu hiyohiyo inatoa viti 16 kwa safu 22, yaani 352. Sasa unaona kwa nini kamati hupenda mita moja.

Onyo: usialike watu 150 kwa matumaini kwamba 20 hawatakuja. Wakati wa janga watu waliofungiwa nyumbani miezi mitatu huja wote, na huja na wageni wao.

4. Kaa kwa kaya, si kwa mtu mmoja mmoja

Watu wanaoishi nyumba moja wameshapumua hewa moja usiku kucha; kuwatenganisha uwanjani hakuwalindi na lolote, na isitoshe watasogeleana tu. Chora miraba ya mita 2 kwa mita 2, kila mmoja na viti visivyozidi vinne, na acha mita 2 kati ya mraba na mraba. Kwenye eneo letu la 24 kwa 32 inaingia miraba 6 kwa 8, yaani 48. Ikijaa yote ni watu 192. Haitajaa yote, maana kuna kaya za watu wawili. Mimi hukadiria watatu kwa mraba, yaani 144, bado ni wengi kuliko 130 na ugomvi ni mdogo zaidi.

Agosti 2020, kwenye uwanja wa Gosforth Park huko Newcastle, Uingereza, waandaaji wa matamasha walijenga majukwaa madogo 500 ya watazamaji, kila moja la watu wasiozidi watano, yakiwa yameachana. Watu walicheza, waliimba, na hawakuwa na pa kwenda. Siri ni hiyo ya mwisho. Mtu mwenye mpaka unaoonekana chini ya miguu yake hujilinda mwenyewe. Asiye na mpaka humsubiri mhudumu amkumbushe.

Kila mraba upe namba kubwa inayosomeka kutoka njiani. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye mwaliko.

5. Chora njia kabla ya kuweka viti

Njia ya kuingilia iwe ya kwenda tu, ya kutokea iwe ya kutoka tu. Vyoo viwe upande wa kutokea, na foleni yake ichorwe mistari kila mita 2 ikielekea mbali na viti. Kama kuna chakula au vinywaji, vigawiwe mtu akiwa amekaa mrabani mwake, vikiwa vimefungashwa. Meza ya kujihudumia ni sumaku; ukiiweka, usinilaumu.

Hema likitumika kwa ajili ya jua au mvua, pande zake ziachwe wazi. Hema lililofungwa pande zote ni ukumbi. Nimekuta hema la namna hiyo limewekwa mgeni rasmi na wazee, yaani watu wenye hatari kubwa kuliko wote, ati kwa heshima.

6. Panga kuwasili kama unavyopanga ratiba ya jukwaani

Agosti 22, 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Halle walifanya tamasha la majaribio mjini Leipzig, Ujerumani, watu wa kujitolea wapatao 1,400 wakiwa wamevaa vifaa vya kupima nani amemkaribia nani. Kukaribiana kulikuwa kwingi wakati wa kuingia na wakati wa mapumziko. Mtu akiwa kitini hasumbui. Hatari iko langoni.

Fanya hesabu ya foleni. Watu 144, mmoja mmoja, kila mmoja akichukua mita 2.5: foleni ya mita 360. Una barabara ya urefu huo? Kwa makundi ya kaya, kila kundi likichukua mita 3, miraba 48 inatoa foleni ya mita 144. Bado ndefu. Kwa hiyo gawa wageni katika vipindi vinne vya dakika 15, makundi 12 kila kipindi. Sasa foleni haizidi mita 36, na ukaguzi wa nusu dakika kwa kundi unamaliza kipindi kwa dakika sita. Dakika tisa zinazobaki ni za wachelewaji, ambao hawakosekani.

Langoni fanya mambo matatu tu: tafuta jina na namba ya mraba, uliza dalili, takasa mikono. Kipimajoto ukipenda kitumie, lakini usikitegemee. Mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili, na wengine hawapati homa kabisa. Nimeona foleni ikifungamana kwa sababu ya kipimajoto kimoja kilichogoma. Watu waliokuja kulindwa walisimama wamebanana nusu saa.

Usitoe pesa, zawadi, fulana wala chochote langoni. Kitu cha bure kinavunja foleni kuliko mvua.

7. Ondoa kwenye ratiba nyakati zinazovuta watu pamoja

Keti na ratiba na kalamu nyekundu. Kupeana mikono na mgeni rasmi: futa. Picha ya pamoja: futa, au ipigwe kila kundi likiwa mrabani mwake, mpigapicha ndiye atembee. "Njooni mbele tucheze": mweleze mshereheshaji kwa maandishi kwamba sentensi hiyo ni marufuku. Kukata utepe wakiwa kumi wameshika mkasi mmoja, unaelewa.

Mapumziko usiweke. Sherehe ya dakika 75 isiyo na mapumziko ni bora kuliko ya saa tatu yenye mawili. Hapa utapambana na wasemaji. Kila mmoja atasema hotuba yake ni ya dakika tano, na hakuna hotuba ya dakika tano.

Sauti nayo ina kazi yake. Spika zikipigwa juu sana, watu husogeza midomo sikioni kwa jirani ili wasikiane, na kila neno linatoka kwa nguvu. Weka spika nyingi ndogo zilizosambazwa badala ya mbili kubwa mbele. Wa nyuma atasikia bila kusogea, na wa mbele ataweza kuongea kwa sauti ya kawaida. Kwaya au waimbaji wapange mbali na watu, mita kadhaa zaidi ya umbali wa kawaida, wala wasiwe upande upepo unakotokea.

Pombe ikiwepo, umbali utashika mpaka glasi ya pili. Sina zaidi ya kusema hapo.

8. Wafunze wahudumu siku moja kabla, palepale uwanjani

Wape maneno ya kusema. "Karibu, mraba wako ni namba 17, upande huu" hufanya kazi kuliko "Msikaribiane!" Mtu mzima akikaripiwa mbele ya familia yake atabishana ili kulinda heshima yake, na mabishano ni watu wawili waliokaribiana wakipayuka. Mhudumu asimshike mtu bega, asimwinamie. Asimame mahali anapoonekana, aoneshe kwa mkono, angoje.

Wahudumu wavae barakoa muda wote na wasikusanyike. Kosa la kuchekesha, lakini la kweli: kundi lililobanana kuliko yote uwanjani huwa ni la wahudumu kwenye kivuli.

9. Siku yenyewe

Fika uwanjani muda wa saa tatu kabla ya wageni. Tembea na utepe, pima miraba mitano ya kubahatisha. Viti huwa vimesogezwa usiku na waliokuja kufunga mapambo.

Wageni wakianza kukaa, mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha asimame mahali pa juu na aangalie sehemu nne tu: lango, vyoo, mbele ya jukwaa, na kivulini. Viti vitajitunza. Kila dakika 15 aandike anachokiona. Kiwango cha kusimamisha kiwe kimekubaliwa: kwa mfano, watu zaidi ya 10 wakikusanyika mahali pamoja kwa zaidi ya dakika tatu baada ya kuombwa mara mbili, muziki unazimwa mpaka warudi. Kuzima muziki hufanya kazi haraka kuliko tangazo lolote.

10. Kuondoka

Huku ndiko umbali huangamia. Watu wamefurahi, wamemaliza, na wote wanataka geti moja kwa wakati mmoja. Malizeni ratiba dakika 20 kabla ya saa iliyotangazwa. Mshereheshaji awaite kwa safu, kuanzia iliyo karibu na mlango wa kutokea, dakika mbili kwa kila safu ya miraba sita. Safu 8 ni dakika 16. Muziki mwepesi uendelee ili waliobaki wasijisikie wameachwa. Wahudumu wawili wawe nje ya geti, mbele kidogo, kwa sababu watu husimama kuagana hatua tatu tu baada ya kutoka na kuziba wote walio nyuma.

Mambo yakienda kombo

*Wamekuja wengi kuliko walioalikwa.* Usiongeze viti. Kila kiti unachoongeza kinakula nafasi ya wanne. Weka mapema spika na, ikiwezekana, skrini katika eneo la pili lililochorwa miraba; wapeleke huko. Eneo la pili likikosekana, lango lifungwe na mtu mwenye lugha nzuri asimame nje.

*Mvua imenyesha.* Watu wote watakimbilia chini ya hema moja ndani ya dakika moja. Ukiona mawingu yanakusanyika, tangaza mwisho wa sherehe na uanze kutoa watu kwa safu kabla tone la kwanza halijaanguka. Mpango wa "tutahamia ndani" haufai: idadi iliyokokotolewa kwa uwanja haiingii ukumbini.

*Lazima iwe ndani.* Basi punguza watu na muda, fungua madirisha pande mbili zinazotazamana, barakoa kwa wote, kusiwe na kuimba. Kipimo cha hewa ya ukaa, ile tunayoitoa kwa pumzi, husaidia kuonyesha kama hewa ya ndani inabadilika: hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, na mimi namba ikipita 800 natoa watu nje.

*Watu wanavua barakoa kwa sababu wamekaa mbali.* Nje, wakiwa mrabani na kaya zao, waache. Wakisimama kwenda chooni wavae. Kanuni moja nyepesi hufuatwa; kanuni sita husahauliwa zote.

*Kamati inasema tupime watu, tuondoe sharti la umbali.* Hiyo ni njia nyingine na ina mfano wake. Machi 27, 2021, Barcelona, Hispania, ilifanya tamasha la watu 5,000 ndani ya ukumbi bila kuachiana nafasi. Wote walipimwa siku hiyohiyo, wakavaa barakoa za kiwango cha FFP2 (zinazochuja hata chembe ndogo za hewani), na uingizaji hewa ukaboreshwa. Siku 14 baadaye waliopatikana na maambukizi walikuwa sita, na wanne kati yao walielekea kuambukizwa kwingine. Ikiwa mna uwezo wa kupima kila mtu asubuhi hiyo, ongeeni na mamlaka ya afya. Kupima nusu ya watu na kuondoa sharti la umbali kwa wote hakuna mantiki.

*Mgeni rasmi ameshuka jukwaani kusalimia watu.* Mshereheshaji amwite jukwaani mara moja kwa heshima zote, kwa kisingizio chochote. Kisha mlaumu aliyemwandalia ratiba bila kumweleza masharti. Mara nyingi ni sisi.

*Mgeni mmoja ameumwa siku chache baadaye.* Hapa ndipo orodha yako inalipa. Mpe taarifa afisa wa afya siku hiyohiyo. Ukipewa ruhusa, pigia simu waliokaa mraba wake na miraba inayopakana nao, pamoja na waliokuwa kipindi kimoja naye langoni; waambie wajitenge na wapime kama watakavyoelekezwa. Jina la mgonjwa usilitaje, hata wakikuuliza mara tatu, na watakuuliza. Zikipita siku 14 bila taarifa nyingine, ichome orodha. Namba zile ulipewa kwa kazi hiyo moja tu.